"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Bango Lisilomkinga Aliyeficha Ila

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Sahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu Waislamu, maneno haya matatu, "mali ikishauzwa hairudishwi", si mageni kwa yeyote miongoni mwetu. Yamepigwa chapa chini ya risiti, yamebandikwa juu ya kaunta za maduka ya Mwanga na Ujiji, na mteja ameyazoea hata hayasomi tena. Siku hizi yameshuka ukutani yakaingia katika simu. Kijana hutangaza bidhaa yake katika makundi ya WhatsApp au Facebook, huweka picha na bei, na mwisho wa tangazo huandika maneno hayo hayo. Akishayaandika hujiona amejijengea ngome: fedha ikishaingia, hakuna lalamiko litakalomfikia, si la mnunuzi, wala la kadhi, wala la Mola wake.

Makala haya yanakusudia kuibomoa ngome hiyo. Tunasema wazi, na dalili zitafuata: bango hilo halimkingi muuzaji aliyeificha ila ya mali yake. Kinachomkinga ni kitu kimoja tu, nacho ni kuibainisha ila hiyo kabla ya kupokea fedha. Na mnunuzi anayelalamika kwa haki hamsumbui mtu, bali anadai alichopewa na sharia.

Bidhaa ndogo, haki si ndogo

Tuchukue mfano wa bidhaa ambayo wengi wataiona kuwa ni jambo la watoto: diski ya mchezo wa video iliyokwisha kutumika. Tumeichagua makusudi. Mtu akielewa hukumu katika jambo dogo, hatapotea katika gari, pikipiki, injini ya boti au kiwanja.

Vijana wetu huicheza michezo hii majumbani na katika vibanda vya geemu. Diski mpya ni ghali, kwa hiyo wengi hununua iliyotumika. Na kwa kuwa Kigoma iko mbali na Kariakoo, ununuzi hufanyika kwa simu: fedha hutumwa kwa simu, na mzigo hupakiwa ndani ya basi. Muuzaji na mnunuzi hawakuonana, na diski haikushikwa wala haikujaribiwa. Mnunuzi ameegemea vitu viwili tu, picha na kauli ya muuzaji.

Sasa tazameni jinsi ila, yaani kasoro, inavyoweza kujificha humo. Picha huonyesha jalada la kasha, na jalada linang'aa. Upande wa chini wa diski, ambao ndio unaosomwa na mashine, hauonyeshwi, nao ndio wenye mikwaruzo. Diski yenye mikwaruzo inaweza kufunguka vizuri, ikachezeka saa mbili au tatu, kisha ikakwama pale mashine inapofika sehemu iliyochunika. Nyingine ni nzima lakini ni ya mashine ya kizazi kingine: diski ya PlayStation 5 haichezeki katika PlayStation 4. Nyingine ilitoka dukani na namba ya siri ya kufungulia sehemu fulani za mchezo, namba inayotumika mara moja tu, na mwenyewe wa kwanza amekwisha kuitumia. Na nyingine si halisi kabisa. Ni nakala bandia isiyokubali kusomwa na mashine ambayo haikuchokonolewa na fundi.

Mambo haya muuzaji mzoefu huyajua kama mvuvi anavyoujua wavu wake. Mnunuzi, tuseme ni kijana wa Ujiji aliyekusanya Shilingi 60,000 kwa kubeba magunia ya dagaa pale Kibirizi, hayajui. Mzigo unafika, anacheza usiku wa kwanza kwa furaha, na usiku wa pili mchezo unakwama. Anaandika kwa adabu: "Kaka, diski inakwama."

Hapo ndipo imani ya muuzaji inapopimwa. Na hapo ndipo tunapozisikia hoja ambazo, kwa masikitiko, hutolewa hata na watu wanaosali safu ya kwanza. Tutazitaja moja baada ya nyingine na kuzijibu.

Hoja ya kwanza: "Niliandika kwamba hairudishwi, na Waislamu hufungwa na sharti zao"

Hii ndiyo hoja yao kubwa, na anayeitoa hujiona ni mwanachuoni. Ni kweli kwamba imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa Waislamu hushikamana na masharti waliyowekeana. Lakini anayeitaja huishia katikati, kwani riwaya hiyo hiyo inaondoa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Na kuficha ila ni haramu. Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye ila pasina kumbainishia. Sharti lililowekwa ili kuihifadhi haramu hiyo litapata wapi nguvu?

Wala suala hili si geni katika umma huu. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujitoa katika dhamana ya ila zote, yaani kwa maana ile ile ya bango letu. Mnunuzi akadai kwamba mtumwa alikuwa na maradhi ambayo hakutajiwa. Wakapelekana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Uthman hakusema kwamba sharti limeandikwa na kesi imekwisha. Alimtaka Ibn Umar aape kwa Allah kwamba alipouza hakuijua ila hiyo. Ibn Umar alikataa kuapa, na mtumwa akarudishwa kwake. Baadaye mtumwa yule alipona, naye akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Ndugu yangu, zingatia kisa hiki kwa makini. Muuzaji ni Sahaba mkubwa, mtoto wa Umar, mtu aliyejulikana kwa uchamungu. Sharti lilikuwepo, na mnunuzi alilikubali. Pamoja na hayo, swali la hakimu halikuhusu sharti, lilihusu elimu ya muuzaji: je, ulijua? Basi wewe unayebandika bango, jiulize swali la Uthman kabla hujaulizwa na Asiyefichwa kitu. Je, ungeweza kuapa kwa Allah kwamba hukuiona mikwaruzo ile ulipokuwa unaifuta diski kwa kanga ili ing'ae?

Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wanayoyafuata Waislamu wengi wa mwambao huu wa ziwa, jambo hili ni zito zaidi. Kauli iliyopewa nguvu katika Minhaj ya Imam Nawawi ni kwamba sharti la kujitoa katika ila humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua tu, basi. Mnyama anatofautishwa kwa kuwa hali yake hubadilika, na maradhi yake hujificha hata kwa mwenyewe. Ama nguo, chombo, simu au diski, sharti hilo halimwokoi.

Hatufichi kwamba wanachuoni wa Hanafi wameliona sharti hilo kuwa linasihi. Lakini kusihi kwa sharti mbele ya kadhi si ruhusa ya kudanganya mbele ya Allah, na haifai mtu kuishi umri wake wote kwa fiqhi ya Shafii, kisha siku ya kudaiwa Shilingi 60,000 akahamia Iraq.

Hoja ya pili: "Umekwisha kuicheza, kwa hiyo umeshaifaidi"

Jibu la hoja hii limekuja kutoka kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba mtu mmoja alinunua mtumwa, akamtumikisha, kisha akagundua ila na kumrudisha. Muuzaji akalalamika kwamba mtumwa wake ametumikishwa. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba manufaa ni ya yule aliyekuwa na dhamana. Maana yake, muda ule kitu kikiwa mkononi mwa mnunuzi, lau kingepotea au kuungua, hasara ingekuwa yake. Basi na manufaa ya muda huo ni yake.

Kwa hiyo usiku mmoja wa kucheza hauiondoi haki ya kurudisha, bali ndio ulioidhihirisha ila. Diski inayokwama baada ya saa tatu, mnunuzi angeijuaje bila ya kuicheza saa tatu?

Hoja ya tatu: "Imeharibikia kwako"

Hoja hii inaweza kuwa ya kweli, na uadilifu unatutaka tuseme hivyo. Wako wanunuzi wanaoacha diski sakafuni, mtoto akaikanyaga, kisha wakadai ilikuja hivyo. Kwa ajili hiyo mafakihi wetu wamempa muuzaji ulinzi wa haki: pakitokea mgogoro kuhusu ila inayoweza kuwa ya zamani na inayoweza kuwa mpya, wala pasiwe na ushahidi, kauli inayokubaliwa ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake.

Muuzaji mkweli ana ngome iliyo bora kuliko bango lolote. Lakini tazameni mlango wa ngome hiyo: ni kiapo. Hakuambiwa anyamaze, wala amfungie mnunuzi simu, wala amtukane mbele ya kundi zima. Ameambiwa asimame na kumshuhudisha Allah. Asiyethubutu kuapa na arudishe fedha, kama alivyorudishiwa Ibn Umar mtumwa wake.

Hoja ya nne: "Mimi nimeuza kama nilivyoinunua, sikujua"

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili, dhambi na dhamana. Asiyejua hana dhambi ya kughushi. Lakini dhamana ya mali haitegemei kujua kwake. Mnunuzi alitoa fedha kamili kwa kitu kilicho salama, na kitu si salama. Haki yake ya kukirudisha ipo hata kama muuzaji naye alidanganywa na aliyemuuzia. Muuzaji naye atamrudia huyo wa kwanza. Mnyororo wa haki huenda hivyo, kiungo hadi kiungo, wala haukatwi kwa kumtupia hasara kijana wa mwisho aliye mnyonge kuliko wote.

Ama dalali anayesema "mimi ni mtu wa kati tu" ilhali aliijua ila, huyo ameshiriki katika kughushi kwa ulimi wake na ameila kamisheni yake kwa batili.

Hoja ya tano: "Mchezo wenyewe ni upuuzi"

Hoja hii ni ya ajabu, nayo husikika hata mabarazani. Kijana akija kushitaki, huambiwa: "Ungekuwa unasoma Qur'ani usingedhulumiwa." Tunajibu hivi. Hukumu ya michezo hii ina milango yake: ipo yenye kamari, uchafu na shirki, na hiyo kuiuza ni haramu na kuinunua ni haramu, na ipo iliyosalimika, ambayo hukumu yake huangaliwa kwa kiasi, na kwa kutopoteza sala na masomo. Anayeona kwamba mchezo ni haramu asiuuze. Ama auuze, apokee fedha, na mnunuzi akilalamika ndipo avae kilemba cha uchamungu, huo ni mzaha na dini. Uchamungu unaoanza baada ya fedha kuingia mfukoni hauna tofauti na wizi.

Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya chungu

Asili ya mlango huu ni kisa mashuhuri alichokipokea Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, naye akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Tunaona katika kisa hiki kwamba mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Nafaka iliyolowa pia si haramu kuuzwa. Ina bei yake na wanunuzi wake. Kosa lilikuwa mpangilio, kavu juu na mbichi chini. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika hatuhitaji tafsiri ndefu ya kisa hiki. Nani kati yetu hajaliona gunia la dagaa lililojazwa juu dagaa safi waliokaushwa kwenye chanja, na chini yake dagaa wa mchangani, wenye unyevu na kokoto? Picha ya jalada linalong'aa, iliyowekwa ili kuificha diski iliyochunika, ni gunia lile lile. Zamani mnunuzi aliweza kufanya kama alivyofanya Mtume (s.a.w.), akaingiza mkono. Katika biashara ya simu mkono wa mnunuzi haufiki. Kwa hiyo jukumu la kuigeuza chungu na kuonyesha kilichoko chini limemwangukia muuzaji peke yake.

Ndiyo maana wanachuoni waliojadili uuzaji wa kitu kisichoonekana walikuwa wakali. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii haikuusihisha kabisa. Hanafi waliuruhusu na wakampa mnunuzi hiari pale anapokiona kitu. Hanbali waliuruhusu kwa kuwepo sifa kamili, na mnunuzi akiikuta sifa imekwenda kinyume ana haki ya kuvunja. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilijadili mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa na kuikubali kwa masharti yake. Asiende mtu kuichukua ruhusa ya kuuza kwa mbali na kuiacha hiari iliyokuja pamoja nayo.

Ujiji na biashara ya mbali

Asidhani mtu kwamba mitihani hii imeletwa na simu. Mji wetu wa Ujiji uliijua biashara ya masafa kabla ya reli kufika Kigoma. Mzigo ulitoka Zanzibar, ukavuka Bagamoyo na Tabora kwa mabega ya wapagazi, ukafika ziwani baada ya miezi, na aliyeutuma hakuwa na chochote mkononi zaidi ya amana ya mpokeaji.

Mwaka 1871 jambo lilitokea Ujiji ambalo dunia nzima ililisoma. Msafiri wa Kiskoti, David Livingstone, alirejea mjini kutoka Manyema akiwa mgonjwa na mchovu, akitaraji kuikuta shehena yake iliyotumwa kutoka Zanzibar. Hakuikuta. Ameandika katika kumbukumbu zake kwamba aliyekabidhiwa, mtu aliyemtaja kwa jina la Shereef, aliiuza yote na kununua pembe. Katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga hakikubaki kitu. Na udhuru wake? Alidai kwamba aliupigia bao Msahafu ukamwonyesha kuwa mwenye mali amekufa! Mtu alikichukua Kitabu kilichoteremshwa kuamrisha kurudisha amana, akakifanya chombo cha ramli cha kuhalalisha khiyana.

Lakini Livingstone huyo huyo ameandika pia juu ya Muislamu mwingine wa mji ule ule, Said bin Majid, aliyemwendea faraghani akamwambia kwamba hana bidhaa ila ana pembe, na akamwomba amruhusu auze sehemu yake ili ampatie. Hakuwa na deni kwake.

Waislamu wawili, mji mmoja, mwaka mmoja, na mgeni asiye Muislamu akaandika habari za wote wawili. Tujiulize, anayeishi leo ng'ambo ya ziwa, Kalemie au Uvira, Bujumbura au Mpulungu, au yule jirani Mkristo wa Mwandiga, akinunua kitu kwa kijana wetu aliyejiita "Abu Fulani" na kuweka picha ya Al-Kaaba kwenye simu yake, ataandika habari za nani? Mawaidha yetu ya kila Ijumaa hayamfikii jirani huyo. Diski inayokwama inamfikia.

Sheria ya nchi nayo

Wapo wasiotikiswa na aya wala hadithi mpaka wasikie habari za serikali. Na wajue kwamba Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na kwamba chini ya sheria hiyo ipo Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ni fedheha kwetu kwamba jambo ambalo Sahaba alilitekeleza kwa kuogopa kiapo, sisi tulitekeleze kwa kuogopa faini.

Namna ya kulipokea lalamiko

Ewe ndugu muuzaji, lalamiko likikufikia, fanya haya:

1. Jibu. Kunyamaza na kumfungia mtu simu ni kukiri bila ya kutamka. Mwambie umemsikia na utaangalia, kisha uangalie kweli.

2. Uliza kabla ya kukanusha. Mwombe picha ya upande wa chini wa diski, na video fupi ya pale inapokwama. Muulize anatumia mashine gani na kama diski nyingine zinasomeka humo. Mara nyingi mgogoro huishia hapo, kwa sababu tatizo ni la mashine.

3. Ila ikithibiti kuwa ya asili, mpe hiari: arudishe apewe fedha yake yote, au abaki nayo kwa punguzo mtakaloridhiana. Usimlazimishe kuchukua diski nyingine asiyoitaka.

4. Nauli ya basi ya kurudisha mzigo kubalianeni kabla ya kuuziana, maana mafakihi wana maelezo yao ndani yake na ugomvi huanzia hapo. Ama aliyeficha kwa makusudi, murua unamtaka aibebe yeye.

5. Hata pasipokuwa na ila, na mnunuzi amejuta tu, kumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) amemuahidi anayekubali kumvunjia Muislamu mauzo aliyoyajutia kwamba Allah atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Huo si wajibu juu yako, ni fadhila. Lakini ni nani kati yetu asiyehitaji kusamehewa kuteleza kwake siku hiyo?

Nawe ndugu mnunuzi, haki yako ina mipaka. Ukigundua ila, iache diski hapo hapo na umjulishe muuzaji bila ya kuchelewa, kwani katika madhehebu yetu haki ya kurudisha ni ya papo hapo. Anayeigundua kisha akaendelea kucheza wiki nzima mpaka amalize mchezo, ndipo adai fedha, ameiridhia ila kwa kitendo chake. Ikipata kasoro mpya mkononi mwako, huwezi kumlazimisha muuzaji aipokee. Utakachodai ni fidia ya upungufu wa ile kasoro ya zamani. Na ukibadilisha diski yake nzima kwa yako mbovu, kisha ukairudisha, wewe ndiye mwenye kughushi. Kabla ya kulipa omba kuona upande wa chini, uliza ni ya mashine gani, na sema wazi kwamba unanunua kwa sharti la usalama. Mtu mmoja katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa akihadaiwa katika manunuzi, naye akamfundisha atamke wakati wa kuuziana kwamba pasiwe na hadaa. Hakumwambia aache kununua.

Wito kwa misikiti

Maimamu na kamati za misikiti ya Kigoma na Ujiji, jambo hili linawahusu. Kijana aliyedhulumiwa Shilingi 60,000 hataenda mahakamani. Gharama na siku zitakazopotea zinazidi fedha yenyewe. Akija msikitini akaambiwa "samehe, hiyo ni dunia", tumemfundisha kwamba dini haina la kusema kuhusu haki yake, na tumemfundisha aliyemdhulumu kwamba safu ya kwanza ni maficho mazuri. Teueni watu wawili watatu wenye elimu na uadilifu, mmoja wao awe kijana anayezijua bidhaa hizi, wawasikilize wanaouziana na kuwasuluhisha kwa sharia. Na katika darsa zetu za fiqhi, ambazo huanza na mlango wa tohara na mara nyingi huishia mlango wa sala, tuufikishe umma mlango wa mauziano. Wengi wanajua vinavyotengua udhu, lakini hawajui kinachoitengua bei.

Allah (s.w.) ameifungua Suratul Mutaffifin kwa kuwatishia adhabu wanaopunja vipimo: wakijipimia kwa watu hutaka kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Hakuna anayewaelezea vizuri zaidi wauzaji tunaowazungumzia. Fedha ya mnunuzi huihesabu kamili mpaka shilingi ya mwisho, na bidhaa humpa iliyopungua, kisha hubandika bango.

Basi libandueni bango hilo, enyi mnaomuamini Allah na Siku ya Mwisho. Mahali pake andikeni ukweli wa mali zenu: ina mikwaruzo, ni ya mashine fulani, namba yake imeshatumika, bei ni hii. Atakayenunua baada ya hapo amenunua kwa macho, hana cha kulalamikia, nanyi hamna cha kuapia. Na kama Mtume (s.a.w.) alivyobainisha katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), wenye kuuziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako, na utujaalie tuwe wenye kurudisha haki za watu kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.